Adabu ya Mgeni na Haki ya Mfanyakazi



Siku hizi ni vigumu kuipata Jumuiya Ndogo ya Kikristo ambayo haina mwana au binti aliyekwenda Arabuni kutafuta kazi. Wengine ni madereva, walinzi na wahudumu wa hoteli huko Qatar na katika Falme za Kiarabu. Wanawake wengi ni watumishi wa nyumbani, hasa Saudi Arabia. Hutoka vijiji ambavyo watu wake huenda hawajapata hata kuiona Mombasa, nao huteremka katika nchi ambayo dini ndiyo inayopanga sheria, mavazi, saa za kula na saa za kulala. Kabla ya kuondoka, baadhi yao huja parokiani kuomba baraka, na huuliza swali moja: nitaishije huko?

Majibu wanayopewa mitaani ni mawili. La kwanza ni hili: umekwenda kwa watu, nyamaza, vumilia lolote litakalokupata. La pili husema: wale ni Waislamu, dini yao ndivyo ilivyo, usitazamie haki. Kwa maoni yangu majibu yote mawili ni mabaya. La kwanza linamnyima mfanyakazi utu wake, na la pili linamsingizia jirani. Mkristo anapaswa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani desturi ya wenyeji na dhuluma ya mwajiri.

1. Adabu ni wajibu

Wahenga walisema: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Saudi Arabia ni nchi ya Makka na Madina, na sheria zake zimejengwa juu ya dini ya Kiislamu. Asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia Makka. Pombe imepigwa marufuku tangu mwaka 1952. Sala tano ndizo nguzo za siku. Tangu mwaka 2013 mapumziko ya juma ni Ijumaa na Jumamosi, hivyo Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine. Mwanamume na mwanamke wasio jamaa hawaketi peke yao faraghani. Mavazi ni ya kusitiri mwili, na mtu hapigwi picha bila idhini yake.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji maandalizi ya pekee. Mchana hakuna kula, kunywa wala kuvuta sigara hadharani, hata kwa yule asiyefunga. Usiku, nyumba huwa macho: kuna futari, kuna wageni, kuna daku kabla ya alfajiri. Kwa mtumishi wa jikoni huu waweza kuwa mwezi mzito kuliko yote, na ni afadhali alijue jambo hilo angali nyumbani kwao.

Ni kweli kwamba nchi hiyo inabadilika. Aprili 2016 polisi wa dini waliondolewa mamlaka ya kukamata watu, na Juni 2018 wanawake walianza kuruhusiwa kuendesha magari. Lakini mabadiliko ya barabarani hayaingii katika kila nyumba kwa siku moja. Ndani ya nyumba, mwenye kauli ni baba na mama wa nyumba hiyo. Kwa hiyo mgeni mwenye busara hutazama kwanza, huuliza, ndipo hutenda.

Kuzishika desturi hizi si kuisaliti imani. Katika tamko lao Nostra Aetate la mwaka 1965, Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walitufundisha kuwatazama Waislamu kwa heshima, kwa kuwa wao pia humwabudu Mungu mmoja, husali, hufunga na hutoa sadaka. Anayejifunika nywele kwa heshima ya wenyeji wake hajapungukiwa na ubatizo wake.

2. Jicho lisifumbwe mbele ya dhuluma

Hata hivyo, methali ile ina mpaka wake. Jicho hufumbwa mbele ya desturi, halifumbwi mbele ya uovu. Pasipoti kufichwa kabatini mwa mwajiri si desturi. Mshahara kuzuiwa miezi mitatu si desturi. Kufungiwa ndani, kupigwa, kunyimwa chakula na simu si desturi, na hakuna adabu inayomdai mgeni ayakubali.

Mzizi wa maovu mengi ni utaratibu uitwao kafala. Katika utaratibu huo, ruhusa ya mgeni kukaa nchini hufungwa kwa mwajiri mmoja, ambaye ni mdhamini wake. Akimkimbia mdhamini, hata kama anakimbia kipigo, huhesabiwa kuwa mtoro na aweza kukamatwa. Hivyo mtu mmoja hupewa mamlaka juu ya kazi, makao na safari ya mwenzake. Qatar iliulegeza utaratibu huo mwaka 2020 kwa kuwaruhusu wafanyakazi, na watumishi wa nyumbani miongoni mwao, kubadili mwajiri bila idhini yake. Mageuzi yaliyoanza Saudi Arabia mnamo Machi 2021 hayakuwagusa watumishi wa nyumbani.

Jambo moja litatosha kuonyesha udhaifu wa ulinzi wao. Sheria ya kazi ya Saudi Arabia inasema kwamba wakati wa Ramadhani mfanyakazi Mwislamu asizidishe saa 6 za kazi kwa siku. Lakini watumishi wa nyumbani wamewekwa nje ya sheria hiyo, wakatungiwa kanuni za peke yao. Kwa hiyo karani wa ofisini hurudi nyumbani mapema kufungua saumu, na msichana wa Pwani yetu anayempikia futari, naye akiwa Mwislamu mwenye kufunga, hana haki ya saa hizo 6. Hapa tunaona wazi kwamba tatizo si dini ya mtumishi wala ya tajiri wake. Tatizo ni unyonge wa mmoja na nguvu ya mwingine isiyo na mpaka.

Wala tusiuite utaratibu huo Uislamu. Katika elimu ya dini hiyo, kafala ni kumdhamini mtu, na hata kumlea yatima. Huu mfumo wa kumfunga mfanyakazi ulipata sura yake katika karne ya 20, katika biashara ya lulu na baadaye ya mafuta, na watawala wa Kiingereza katika Ghuba walikuwa na mkono wao ndani yake. Mapokeo ya Waislamu yanaagiza kwamba mtu wa kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Torati nayo inaagiza kwamba kibarua alipwe kabla jua halijatua, awe ndugu au mgeni. Mwajiri anayezuia mshahara huvunja amri za vitabu vyote viwili, na mtumishi anayeudai hamtukani mtu wala dini yake.

3. Imani ya mgeni

Nchi za Arabuni hazifanani. Abu Dhabi ina kanisa Katoliki tangu mwaka 1965, Doha tangu 2008, na mwaka 2021 kanisa kuu la Mama Yetu wa Arabuni lilitabarukiwa huko Bahrain. Katika makanisa ya Doha na Bahrain waamini wengi huhudhuria Misa ya Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku yao ya kupumzika. Saudi Arabia haina kanisa. Serikali yake imewahi kutamka kwamba haiingilii ibada ya faragha, ila hakuna sheria iliyoandikwa inayoilinda. Anayekwenda huko ajue kwamba huenda asipokee Ekaristi kwa miaka miwili. Basi aende na sala alizozishika moyoni, na tusimhesabu kuwa ameasi kwa sababu hakuonekana kanisani.

Februari 2019, huko Abu Dhabi, Baba Mtakatifu Fransisko na Sheikh Ahmad al-Tayyeb, Imamu Mkuu wa Al-Azhar, walitia saini hati ya udugu wa kibinadamu. Udugu huo utapimwa jikoni na katika chumba cha kulala cha mtumishi, si katika kumbi za mikutano peke yake.

4. Boriti katika jicho letu

Kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, tuzitazame nyumba zetu. Ni Wakristo wangapi wa Nairobi na Dar es Salaam ambao msichana wao wa kazi huamka saa kumi alfajiri na kulala saa tano usiku? Wangapi humzuia kwenda Misa kwa sababu kuna wageni? Wangapi hushika mshahara wake kwa kisingizio cha kumwekea? Mkataba wa Kimataifa Na. 189, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2011, unasema kwamba mtumishi wa nyumbani ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine yeyote. Hatuna uso wa kudai Riyadh kile tunachokinyima Buruburu.

5. Tufanye nini?

Kupiga marufuku hakutoshi. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2014 na Uganda mwaka 2016, na mwaka 2017 zote mbili zilifungua tena njia. Njaa iliyowasukuma watu haikupigwa marufuku. Aliyeazimia kwenda hutafuta njia ya magendo, na huko hana mtetezi hata mmoja.

Kwanza, msafiri aende kwa wakala aliyesajiliwa na serikali. Asome mkataba wake kwa lugha anayoielewa kabla ya kuutia saini, na jamaa zake wabaki na nakala ya mkataba, ya pasipoti na anwani ya mwajiri. Ashike kichwani namba ya ubalozi na ya mtu mmoja wa nyumbani, kwa maana simu huweza kunyang'anywa. Ajue pia kwamba sheria ya Saudi Arabia yenyewe inamkataza mwajiri kushika pasipoti yake.

Pili, kila parokia iwe na daftari la wasafiri, na jumuiya iwatafute kila mwezi. Binti aliyenyamaza majuma sita ni habari ya kupelekwa haraka kwa Tume ya Haki na Amani na kwa serikali. Pale ambapo wasafiri ni wa dini zote mbili, padre na imamu waifanye kazi hii pamoja.

Tatu, serikali zetu zikubali kwamba fedha zinazotumwa na watoto hawa ni jasho lao, na ziwape maafisa wa ubalozi wanaoweza kubisha hodi mlangoni. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu kazi ya binadamu, alifundisha kwamba mhamiaji asiwe na haki pungufu kuliko wafanyakazi wengine wa nchi ile. Serikali inayosaini makubaliano ya kupeleka watu ilidai jambo hilo kwanza, na hesabu ya fedha ije baadaye.

Anayesafiri tumwambie ukweli: heshimu nyumba uliyoingia, lakini jasho lako ni lako, na utu wako haukubaki uwanja wa ndege. Nasi tuliobaki, simu yake ikilia usiku, tuipokee.