Subaru yang'aa, kumbe rangi yaisha

Ukisimama kando ya Barabara ya Ngong Jumapili asubuhi, hukosi kuisikia kabla hujaiona: Subaru Impreza ya buluu, rimu za rangi ya dhahabu, na juu ya boneti tundu la hewa lililo wazi kama pua ya nyati. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally akiendesha Impreza, na mapenzi ya vijana wa Nairobi kwa gari hilo hayajapoa hadi leo. Wapo wazee watakaobisha kwamba hilo si gari la spoti, ni saluni tu yenye hasira. Tuwaachie ubishi wao. Leo, msomaji mpenzi, nataka tuzungumzie kulisafisha, nje na ndani, maana nimeona mengi yakisuguliwa hadi kuharibika na wenyewe wanaoyapenda.

Kwanza jambo ambalo muuza polishi hatakuambia. Rangi ya gari ni matabaka. Juu ya bati kuna rangi ya msingi, juu yake rangi yenyewe unayoiona, na juu ya yote tabaka angavu mithili ya vanishi. Tabaka hilo la juu ndilo linalong'aa, na ndilo linaloizuia rangi isichomwe na jua. Katika magari mengi unene wake ni kama mikroni 40 au 50 hivi. Mikroni ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu, na unywele mmoja wa kichwa chako una unene wa kama mikroni 70. Hiyo ndiyo akiba yote uliyo nayo! Fundi anapopitisha mashine ya polishi ili kuondoa mikwaruzo, haifuti kama mwalimu anavyofuta ubao. Analisaga lile tabaka mpaka lishuke kufikia kina cha mkwaruzo. Gari linametameta, mwenyewe anatabasamu, na akiba imepungua. Akilirudisha kila mwezi, siku moja ataona mabaka meupe yanayobanduka juu ya paa na boneti, na hapo hakuna dawa ila kupigwa rangi upya.

Kwa Impreza jambo hili lina uzito zaidi. Kenya hairuhusu gari kuukuu liingizwe nchini likiwa limepitisha miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Yale maumbo yanayopendwa sana, yaliyotengenezwa Japani tangu 1992 hadi 2007, yamefungiwa mlango zamani. Yaliyomo barabarani ndiyo hayo hayo, na rangi yake ya kiwandani ni kama meno ya mtu mzima: likitoka halioti jingine. Isitoshe, siku utakapotaka kuuza, mnunuzi mwenye macho akiona bati limepigwa rangi upya, swali lake la kwanza litakuwa gari liligongwa wapi. Utaapa mpaka koo likauke, naye atakata bei tu.

Sasa, hiyo mikwaruzo inayotupeleka kwa mashine hutoka wapi? Wengi husingizia miiba na mikokoteni. La hasha! Mingi hutokana na kuoshwa. Lile vumbi jekundu la Nairobi lina chembe ngumu za mchanga, na mtu akichovya kitambaa kimoja katika ndoo moja, akafuta rimu, kisha mlango, kisha boneti, anapiga msasa bila kujua. Litazame gari jeusi au la buluu likiwa juani uone ile mikwaruzo myembamba iliyozunguka kama utando wa buibui. Hiyo ni kazi ya kitambaa.

Kwa hiyo anza na maji matupu, mengi, yanayotiririka kutoka juu kwenda chini, ili mchanga uondoke kabla mkono haujagusa rangi. Gari liwe kivulini na boneti iwe imepoa. Tafuta ndoo mbili, moja ya maji yenye shampuu ya gari na nyingine ya maji safi ya kusuuzia. Kila unapofuta sehemu, suuza kitambaa katika ndoo ya pili kabla hujakirudisha kwenye shampuu. Baada ya kuosha, tazama chini ya ile ndoo ya kusuuzia. Tope utakaloliona humo lilikuwa njiani kurudi kwenye mlango wako. Sabuni ya unga ya kufulia iacheni ifanye kazi ya nguo, kwani huondoa nta yote iliyokuwa ikiilinda rangi. Kukausha, tumia kitambaa kinene cha maikrofaiba, ukikilaza na kukivuta taratibu. Fulana kuukuu ya baba haifai.

Rimu zioshwe kwanza, na kwa ndoo na brashi zake zenyewe. Unga mweusi unaozigandia ni chembe za pedi na za chuma cha diski za breki, nazo hutoka zikiwa moto na kujibandika. Usizimwagie maji baridi wakati umefika sasa hivi kutoka Naivasha na diski bado zinafuka. Chuma chenye moto kikipoozwa ghafla kinaweza kupinda, na utahisi usukani ukitetemeka kila unapofunga breki. Dawa zenye asidi pia ziepuke, hula ile rangi ya dhahabu.

Kuna mchezo mwingine wa kando ya barabara ambao sijaupenda kamwe, wa kunyunyiza dizeli au oili chafu chini ya gari ili “paonekane papya”. Panang'aa kwa siku mbili. Baadaye vumbi linaganda pale pale, na bushi za mpira zinalainika na kuvimba. Nanyi mnaopaka mafuta ya taa kwenye tairi ziwe nyeusi, mnakausha mpira.

Mjakaranda ukitoa maua, na ndege nao wakipata tawi juu ya maegesho yako, osha siku hiyo hiyo. Kinyesi cha ndege kikikaa juani huichimba vanishi. Baada ya kuosha, pitisha kiganja juu ya boneti. Ikiwa inakwaruza kama ukoko, kuna udongo maalumu wa kunatanata, unaofanana na ule wanaochezea watoto wa chekechea, unaosuguliwa taratibu juu ya rangi iliyolowa maji yenye shampuu ukanasa uchafu huo. Ukiangusha kipande chini, kitupe. Kisha paka nta. Nta haisagi kitu, huongeza kinga juu ya vanishi, nayo waweza kuirudia kila baada ya miezi miwili mitatu bila kuila akiba. Polishi ya mashine iwe ya nadra, na anayeifanya awe na kile kifaa cha kupima unene wa rangi. Asiye nacho anabahatisha kwa mali yako.

Tukifungua boneti, tahadhari. Tundu lile la juu hupeleka upepo kwenye kifaa kinachopoza hewa iliyosukumwa na turbo, na mapezi yake ni membamba kama karatasi. Bomba la maji ya nguvu huyalaza. Alterneta nayo imekaa juu kwa mbele, imejianika kabisa. Ifunike kwa mfuko wa plastiki, tumia brashi na kitambaa chenye unyevu, basi.

Ndani, fyonza vumbi kwanza ndipo ulete maji, la sivyo utatengeneza matope. Brashi ya rangi, ile ndogo ya nywele laini, ndiyo rafiki wa matundu ya hewa kwenye dashibodi. Baadhi ya magari haya yana viti vya kitambaa chenye manyoya mafupi, kinachofanana na ngozi ya swara. Hicho ni brashi kavu na unyevu kidogo tu. Ukikipaka mafuta ya viti vya ngozi, kinalala na kung'aa kama kola ya shati chafu. Yale mafuta ya kung'arisha dashibodi yasifike kwenye usukani wala pedali hata kidogo. Kiatu kikiteleza juu ya breki, ukiwa na farasi zaidi ya 200 chini ya boneti, hilo si jambo la urembo tena.

Vioo viwe vya mwisho, ndani na nje. Kisha, kabla hujaenda kujionyesha, liendeshe gari polepole mtaani ukikanyaga breki mara tatu nne, kwa maana diski zimelowa na hazitashika vizuri katika breki ya kwanza.