Mnara wa Jirani, Simu Chini ya Mto
Mnara wa simu ukisimikwa juu ya paa la jirani, mtaa mzima hulalamikia mionzi. Usiku ukiingia, walalamikaji hao hao hulala na simu chini ya mto. Tuanzie ndani ya nyumba, basi. Waya wenye umeme huzungukwa na uga wa umeme hata taa ikiwa imezimwa, na ukuta huupunguza sana. Uga wa sumaku hutokea pale tu mkondo unapopita, kwenye friji, pasi au pampu ya maji, nao hupenya tofali bila shida. Hizo ni nyuga za mwendo wa pole, mizunguko 50 kwa sekunde. Simu na ruta ya intaneti hutumia mawimbi ya redio, ya mamilioni hadi mabilioni ya mizunguko kwa sekunde. Mwaka 2011 IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliyaweka mawimbi hayo kundi la 2B: yale ambayo huenda yakasababisha saratani, kwa ushahidi finyu. Hiyo ni tahadhari, si hukumu. Dawa ya yote ni umbali, na haiuzwi dukani. Simu iliyobanwa sikioni kwa kawaida humfikia mtu kwa nguvu zaidi kuliko mnara ulio mbali, kwa hiyo ilale mezani, na kitanda kisiegemee ukuta wenye mita ya umeme. Hasira itakayobaki apelekewe fundi aliyetuachia waya uchi na soketi isiyo na ethi. Huyo anaua leo hii, wala hahitaji utafiti.