Trei za Mayai Hazizuii Kelele

Vijana wa Garissa wanaotaka kujifunza kurekodi hunijia na maneno yaleyale, kana kwamba wote waliyaokota kibanda kimoja. Nayajibu hapa kwa sababu yanawalia pesa na, baya zaidi, yanawavunja moyo kabla hawajarekodi hata wimbo mmoja.

Neno la kwanza ni trei za mayai: zibandike ukutani, chumba kiwe studio. Si kweli. Kinachozuia kelele kupenya ni uzito wa ukuta na kuzibwa kwa nyufa, na trei ni karatasi nyepesi. Bodaboda utaisikia vilevile. Ndani ya chumba nako, trei hupunguza kidogo tu mwangwi wa sauti nyembamba. Ule mvumo mzito unabaki. Afadhali usimamishe magodoro mawili kwenye kona, mwimbaji ayape mgongo na maiki imwelekee yeye. Maiki nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, kwa hiyo nyuma ya mwimbaji ndipo panapohitaji kitu kizito na laini.

Halafu wanasema maiki ya kondensa ndiyo ya kitaalamu, hizi nyingine ni za matangazo ya harusi. Kondensa ni nyepesi kuhisi, hutumia umeme wa volti 48 kutoka kwenye kifaa cha kurekodia, na katika chumba kimya ni raha kuisikiliza. Lakini chumba chetu ni cha mabati, feni iko juu, na nje joto limepita nyuzi 35. Kondensa itakuletea vyote hivyo. Maiki ya dainamiki kama Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, huimbiwa kwa karibu, na ukaribu huo ndio siri. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya mwimbaji hupanda kwa desibeli 6 hivi, huku kelele ya chumba ikibaki ilivyokuwa. Kutoka sentimita 60 hadi 15 umepata desibeli 12 bila kununua chochote.

Neno ninalolichukia kuliko yote ni hili: "Tutarekebisha kwenye miksi." Niliwahi kuliamini. Nilikwenda kumrekodi ayeeyo (bibi) mmoja akiimba buraanbur, ushairi wa wanawake wa Kisomali, akijipigia ngoma kwa viganja. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Nilizipima beti za mwanzo, za sauti ya chini, nikaridhika. Alipochangamka, sauti ikapasuka. Sauti iliyogonga ukomo wa kidijitali hukatwa kilele, na kilichokatwa hakikuandikwa popote. Programu inaweza kubahatisha tu kilikuwa nini. Nilipovaa hedifoni usiku nikasikia na jingine: feni ikivuma chini ya kila ubeti, na mabati, yakipoa baada ya jua, yakilia ta, ta, kila baada ya muda.

Nilirudi kwake baada ya sala ya alfajiri. Paa lilikuwa limeshapoa, feni imezimwa, barabara kimya. Safari hii nilimwomba kwanza aimbe pale anapopandisha sauti zaidi, nikaweka vilele vyake karibu na desibeli 12 chini ya ukomo. "Sasa uko tayari?" akaniuliza, akamaliza beti zote bila kusimama.

Kuhusu dai kwamba kompyuta ghali ni lazima, sitakawia: Audacity ni ya bure tangu mwaka 2000 na inatosha kujifunzia. Na anayesema atakutumia rekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, mkatalie. Ujumbe ule hubanwa mno. Faili ya WAV ya maiki moja, ya biti 24, huchukua megabaiti 8 hivi kwa dakika. Itume kama hati.

Mwisho ni wale wasemao huku hakuna cha kurekodi, anayetaka muziki aende Eastleigh, Nairobi. Mwaka 1988, mji wa Hargeisa, kaskazini mwa Somalia, ulipokuwa ukishambuliwa kwa mabomu, watu wa redio ya huko walizificha kanda zao za muziki. Baadhi ya nyimbo zilizookolewa ziliingia kwenye albamu ya Sweet as Broken Dates ya mwaka 2017, iliyoteuliwa kuwania Grammy. Ziliokoka kwa sababu kuna mtu aliyejali kuzirekodi, na wengine waliojali kuzificha.

Wafugaji wetu nao wana nyimbo za kunyweshea ngamia, na sehemu ya kuzirekodi ni kisimani. Huko upepo ndio wa kwanza kuingia kwenye maiki. Ifunike kwa soksi nene ya sufu, upe upepo mgongo, kata sauti zilizo chini ya hezi 80, na uwe umeshaanza kurekodi kabla ngamia wa kwanza hajafika.