Umeme wa kutuliza miguu ni mzuri, lakini kipimo cha sukari kitangulie

Koni inajulikana kwa umeme. Tangu wakati wa Wabelgiji, maji ya mto Lufira yanazungusha mitambo pale. Kuna umeme mwingine unaosifiwa sasa: ule unaopitishwa mwilini ili kutuliza maumivu ya miguu kwa wagonjwa wa sukari. Habari hiyo ni ya kweli, lakini isisikilizwe nusu.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu, hasa ya miguu. Mgonjwa anasikia moto na sindano kwenye nyayo, na usiku hata shuka linamuumiza. Si uchawi.

Mwezi wa Julai 2021, Marekani ilikubali chombo cha kutuliza maumivu hayo. Kinawekwa chini ya ngozi, na nyaya zake zinapita karibu na uti wa mgongo. Kilijaribiwa kwa watu 216 ambao dawa hazikuwasaidia. Baada ya miezi 3, karibu 8 kati ya 10 waliowekewa maumivu yao yalipungua kwa nusu au zaidi. Kwa walioendelea na dawa peke yake, alikuwa 1 kati ya 20.

Ni tumaini kubwa. Lakini chombo hicho kinataka upasuaji, mtaalamu na maelfu ya dola. Mama anayetafuta unga wa leo hawezi kukingoja.

Kuna pia masini ndogo za betri, zinazobandikwa kwenye ngozi. Bei yake ni ndogo, na uhakika wake pia ni mdogo. Anayeuziwa moja ajue jambo hili: mguu uliokufa ganzi unaweza kuungua bila mwenyewe kusikia. Na mwenye chombo cha kusaidia moyo asiiguse. Muuzaji akisema inaponyesha sukari, anadanganya.

Kinachohitajika kwanza ni kitu cha bei ndogo: kipimo cha sukari katika kila kituo cha afya, muuguzi anayepima nyayo kwa uzi mwembamba, na amitriptilini, dawa ya zamani ya bei nafuu ambayo munganga anaweza kuandika kwa maumivu haya.

Hao wanaogawa maturubai na unga kwa waliokimbia vita, waongeze insulini na viatu vilivyofungwa. Aliyetoka kwake usiku, akaacha dawa na kutembea peku, anaweza kuchomwa na mwiba asijue. Kidonda kinakua, kisha mguu unakatwa. Hakuna masini inayorudisha mguu.

Kila jioni, mgonjwa na akaguliwe nyayo na mtu wa nyumbani, hata mtoto. Akiona kidonda, waende kwa munganga kesho yake, wasingoje kiume. Umeme unatuliza maumivu, lakini kinachookoa mguu ni macho na sukari iliyoshuka.