Chai ya Saa Tisa

Mwezi uliopita alitujia mzazi mmoja baada ya sala ya Ishaa, fomu mkononi. Binti yake amemaliza kidato cha sita, naye ataka kwenda Chuo Kikuu kusoma hisabati. Si uhasibu wala si uhandisi, bali hisabati peke yake. "Maalim," akatwambia, "namba tupu humfikisha mtu wapi? Nipe shauri." Nasi, pasipo kufikiri sana, tukamjibu kwamba namba zisizohesabu kitu ni mchezo, na afadhali binti asome uuguzi. Akashukuru, akaenda zake.

Usiku ule shauri letu lilitukera. Sisi wenyewe elimu yetu ni ya chuoni na madarasa machache ya primari, lakini kwa miaka mingi twawafundisha vijana mirathi: mke apata thumni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na mafungu yakizidi mali, kila mmoja hupunguziwa kwa kadiri yake. Je, hiyo si hisabati? Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9 ya Miladi, alipoandika kitabu chake cha aljebra, sehemu kubwa yake aliiweka kwa masuala ya wasia na mirathi. Namba zake zilikaa baraza moja na fiqhi, wala hakuna aliyeziita mchezo.

Basi tukamwendea kijana mmoja tuliyemsomesha zamani, ambaye leo ni mwalimu wa fizikia katika sekondari, tukamtaka atueleze hisabati tupu ina kazi gani duniani. Akatupa kisa hiki, nasi twakileta kwenu kama tulivyokifahamu.

Wako wanafizikia wanaodhani kwamba ulimwengu una vipimo zaidi ya urefu, upana na kina, na kwamba vipimo hivyo vya ziada vimekunjwa vidogo mno hata havionekani. Dhana hiyo haijathibitishwa kwa majaribio hadi leo, na yafaa kusema hivyo wazi. Lakini maumbo wanayoyahitaji kwa dhana hiyo, wanahisabati walikuwa wakiyachungua kwa sababu zao wenyewe. Katika umbo moja kati ya hayo, lenye vipimo sita, watu wa handasa walijiuliza: ni mistari mingapi iliyonyooka ipitayo ndani yake? Jibu lilipatikana tangu karne ya 19, nalo ni 2,875. Mwaka 1986 likapatikana jibu la mistari iliyopinda ya daraja la pili: 609,250. La daraja la tatu likawashinda.

Mwaka 1991 wanafizikia wanne, Candelas na wenzake, wakadai kuwa wamelipata. Walitumia njia ambayo wanahisabati hawakuwa nayo: kila umbo la namna hiyo waliliona lina mwenziwe, kama sura na kivuli chake katika kioo, na hesabu iliyo nzito katika umbo moja huwa nyepesi katika lile la pili. Jibu lao lilikuwa 317,206,375. Lakini wakati huo huo wanahisabati wawili wa Norwei, Ellingsrud na Strømme, walikuwa wameifanya hesabu ile ile kwa kompyuta, wakapata 2,682,549,425. Tazameni tofauti hiyo! Si ya kusahihishwa kwa kuongeza moja. Wengi wakaona kwamba wanafizikia ndio waliokosea, kwa kuwa njia yao haikuwa na uthibitisho, na mwanahisabati hakubali neno lisilothibitishwa.

Haukupita muda mrefu. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Wanorwei wawili wale wakagundua kosa katika programu yao ya kompyuta. Walipolisahihisha, wakapata 317,206,375, tarakimu kwa tarakimu. Wakawaandikia wenzao na kukiri. Sisi katika kisa chote hiki hilo ndilo lililotupendeza zaidi, kwani tumewaona watu wazima wakigombana miaka mingi kwa kuona haya kusema neno moja, "nimekosea". Tena wanahisabati hawakutosheka kwa jibu kuwa sahihi. Walikaa miaka kadhaa wakitafuta kwa nini ni sahihi, wakapata uthibitisho, na tawi zima la elimu yao likachipua hapo.

Tukamwuliza kijana wetu: kwa nini watu hawa hawakukaa pamoja tangu mwanzo? Akatwambia kwamba katika vyuo vingi hata majengo yao ni mbalimbali, na kila kundi lina lugha yake. Neno moja kwa huyu lina maana moja, kwa yule lina nyingine. Ndipo akatutajia mji wa Kashiwa, karibu na Tokyo. Huko Chuo Kikuu cha Tokyo kilianzisha mwaka 2007, kwa msaada wa serikali ya Japani, taasisi ya fizikia na hisabati ya ulimwengu, na mkuu wake wa kwanza alikuwa mwanafizikia Hitoshi Murayama. Tangu 2012 yaitwa Kavli, kwa jina la mfuko uliotoa wakfu wa kuiendesha. Wanahisabati, wanafizikia na watazamaji nyota wote wako chini ya paa moja. Vyumba vyao vimezunguka ukumbi mkubwa mfano wa konokono, na katika ukumbi huo kila siku saa tisa alasiri hunywewa chai. Chai hiyo si hiari: mtafiti yatakiwa ahudhurie, na mbao za kuandikia ziko tayari.

Na maswali wanayoyazungumza si madogo. Vitu tuvijuavyo, nyota na bahari na miili yetu, ni kama sehemu 5 tu katika 100 za ulimwengu. Zilizobaki ni maada ya giza na nishati ya giza, ambazo bado hakuna ajuaye ni nini. Kuna wanaopima nuru ya magalaksi ya mbali ilivyopindwa njiani na maada hiyo isiyoonekana, na bila ya hisabati picha zao zingekuwa picha tu.

Juzi tulikwenda nyumbani kwa yule mzazi, tukamwambia kwamba shauri letu la kwanza tumelirudisha. Akacheka, kisha akauliza swali la haki: "Na kazi, Maalim?" Hatukumwahidi Kashiwa. Tulimwambia kwamba mwalimu mzuri wa hisabati ni adimu katika skuli zetu, na hilo alijua mwenyewe.

Binti alikuwa ameleta kahawa, na alisikia kisa cha Wanorwei. Akauliza kwa adabu: "Maalim, ile 2,875 ya kwanza, kabla ya kompyuta, waliipataje?" Hatukuwa na jibu. Tumemwelekeza kwa yule mwalimu wa fizikia, aende na kaka yake siku ya Jumamosi. Fomu bado iko kwa baba yake, haijatiwa sahihi, na siku ya mwisho ya kuipeleka ni tarehe 30.