Amana haianzi ofisini

Tarehe 21 Desemba 2015 basi la kwenda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak, abiria Waislamu wakaambiwa wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Hakufundishwa msimamo ule ndani ya basi, alipanda nao.

Sisi hapa Isiolo tunangoja Sura ya Sita ya Katiba itutengenezee viongozi. Sawa, Kifungu cha 76 kinasema zawadi anayopewa ofisa wa serikali kwenye hafla rasmi ni mali ya Jamhuri. Lakini kijana anayeitisha "chai" ndio akusaidie na fomu ya kitambulisho si ofisa bado! Akichaguliwa MCA atabadilika vipi? Mtume wetu (SAW) aliitwa Al-Amin kabla hata wahyi haujamshukia.

Na vuguvugu letu je? Miaka mingi tulilalamika vijana wetu walipokuwa wakipigwa msasa ndio wapate kitambulisho. Tukimtoza mtu wa Garbatulla hata shilingi mia, basi sisi ndio msasa wa pili. Pesa zetu zihesabiwe mbele ya watu kila mwezi, na asiyetaka kuulizwa asishike daftari.