Bi Harusi Apewe Mche, Si Shada Peke Yake



Mfunguo Mosi ukiingia, simu zetu hujaa mialiko. Harusi huku, kupamba kule, na kila ukumbi tunaoingia umejaa maua kuanzia mlangoni mpaka kwenye kiti cha bi harusi. Ukiyasogelea kuyanusa, hayana harufu. Ni ya plastiki, yamekodiwa, na kesho yanahamia ukumbi mwengine. Hatumlaumu mpambaji, naye anatafuta rizki yake. Tunalosema ni hili: katika fedha zote zinazotoka kwa ajili ya maua ya siku moja, itoke kidogo inunue miche miwili mitatu, bi harusi aende nayo kwake. Na akipewa, aambiwe ukweli kwamba bustani ya maua itamfurahisha na itamuudhi, na kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

Tunayasema haya kutoka Morogoro. Sisi ni wanawake wenye asili ya visiwani tulioletwa huku na ndoa, masomo na kazi, tukakuta mji ambao wenyewe wanauita "mji kasoro bahari". Kila kitu upo, bahari tu ndiyo haipo. Milima ya Uluguru inauinamia mji kutoka kusini, vilele vyake vikipita mita 2,600, asubuhi imejifunika ukungu kama mwanamke aliyejitanda kanga. Jamaa wakija kututembelea husema, "Nyie huku mnapanda tu, kila kitu kinaota." Laiti ingekuwa hivyo.

Mvua za Uluguru hazigawanywi sawasawa. Miteremko ya mashariki, inayotazama upande wa bahari, hupata sehemu nyengine zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Sisi wa mjini, tulio chini upande wa kaskazini, tunapata chini ya milimita 1,000. Kuanzia Juni mpaka Septemba unaweza kuutazama mlima umejaa mawingu huku bustani yako imekauka na ardhi imepasuka. Mwanamke anayepanda maua Morogoro anajifunza mapema kwamba kuiona mvua si kuipata.

Kwa nini basi tujisumbue? Kwa sababu kwetu ua halikuwa pambo la meza. Lilikuwa kitu cha mwilini na cha ndani ya nyumba. Bibi zetu walitunga asumini jioni, wakafunga vikuba vya mrihani na kilua, wakaanika mawaridi na langilangi kwa ajili ya singo ya bi harusi. Somo hakutuma mtu dukani. Alitoka uani na kikapu. Hata wataalamu wa mimea walipoupa mkilua jina lao la kisayansi waliuita Mkilua fragrans, wakaliacha jina la Kiswahili kama lilivyo. Mti wa kutia manukato wanawake wa pwani umeandikwa katika vitabu vya dunia kwa lugha ya wanawake hao. Leo bi harusi wengi wanasuguliwa kwa singo ya pakiti, na ukimuuliza langilangi lina umbo gani, hajui.

Na katika dini yetu harufu nzuri si jambo dogo. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufundisha tusimrudishe mtu anayetupa rihani, kwa kuwa ni nyepesi kuibeba na harufu yake ni nzuri. Mrihani unaoota kwenye kopo nje ya jiko lako ni katika jamaa hiyo hiyo. Imepokewa pia kwamba Muislamu akipanda, kisha mtu, ndege au mnyama akala katika alichokipanda, hiyo ni sadaka kwake. Wengine hudhani mafundisho hayo ni ya mashamba makubwa tu. Lakini chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, hachagui kati ya shamba la ekari 10 na kopo la maziwa lenye ua ndani.

Sasa tuje kwenye maudhi, kwa sababu hayo ndiyo hayaoneshwi kwenye picha za mtandaoni.

La kwanza ni maji. Maji yakiwa ya mgao, ndoo ya kwanza ni ya kunywa na kupikia, ya pili ni ya watoto na nguo, na asumini anangoja. La pili ni kuku. Kuku wa jirani hapendi udongo wowote kama anavyoupenda ule uliotoka kuupalilia na kuutia samadi. Mbuzi ndiye mwisho wa yote: kazi ya miezi 6 anaimaliza huku wewe unasali adhuhuri. La tatu ni wadudu. Vidukari hujazana kwenye vichomozo vya mawaridi, wadudu weupe mfano wa pamba hujificha kwenye vikonyo, na masika konokono hutoka usiku kama walioalikwa. Waridi huota madoa meusi, majani yakapukutika, likabaki fimbo yenye miba.

La nne ni watu. Yupo anayepita na kuchuma bila kuomba, akijibiwa anasema, "Si ua tu?" Wapo wanaouliza, "Hayo maua yanaliwa?" Na yupo mwenye nyumba anayetaka uwanja ufagiliwe uwe mweupe, anayeona kila mmea ni maficho ya nyoka. La tano ndilo linalouma zaidi: ukishapitia yote hayo, asumini inachanua jioni, inanukia usiku mmoja, na kesho inageuka rangi na kuanguka.

Hilo la mwisho ndilo linalotufanya tuseme bi harusi apewe mche. Ndoa haijengwi na siku ya ukumbini. Inajengwa na kitu ambacho jana kilinukia na leo kinataka tena maji. Shada la kukodi linamfundisha msichana kwamba uzuri huletwa na gari na kuondoka na gari. Mche unamfundisha kwamba uzuri hutunzwa, kwamba kuna msimu wa maua na msimu wa majani matupu, na kwamba mmea uliopogolewa si mmea ulioadhibiwa. Asumini isipokatwa matawi haichanui vizuri. Mambo haya somo anaweza kuyasema kwa maneno usiku kucha, lakini mkono ulioshika mkasi huelewa zaidi.

Tunasikia hoja ya upande wa pili, nayo ina haki. Maisha ni magumu. Kama kuna maji na nafasi, si bora mchicha na bamia? Jibu letu ni kwamba mboga zitangulie, hakuna ubishi. Lakini kopo moja la asumini na moja la mrihani hayampokonyi mtu chakula. Na kuhusu maji, tumekatazwa israfu, kwa hiyo ua halifai kupewa maji ambayo mtu angekunywa. Lipewe yaliyokwisha fanya kazi: yaliyokoshea mchele, yaliyosuuzia mboga, na ya udhu yakichukuliwa udhu juu ya beseni. Familia inayochukua udhu mara 5 kwa siku haina sababu ya kuacha kopo moja life kwa kiu.

Hoja nyengine ni ya nyumba za kupanga. Bi harusi wetu wengi wanaanza maisha kwenye vyumba 2, na anaona haya kupanda kitu ambacho atakiacha. Hapa Morogoro tumejifunza jambo kwa wenyeji. Waluguru ni watu wa ukoo wa upande wa mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo. Mwanamke wa mlimani akipanda, anapanda penye mizizi ya mama yake na bibi yake. Sisi wapangaji hatuna hilo, basi tupande kwenye kitu kinachobebeka. Ndoo iliyopasuka, kopo la rangi lililokoshwa vizuri, kiroba cha unga, vyote vinafaa, ilimradi vitobolewe chini maji yatoke. Siku ya kuhama, bustani inapanda gari pamoja na kabati. Hata ukibakisha mche kwa atakayekuja baada yako, hujapoteza, kwa sababu umeacha kitu kizuri katika nyumba ya watu.

Kuna jambo moja hatutalinyamazia. Uluguru ni miongoni mwa Milima ya Tao la Mashariki, maarufu duniani kwa mimea isiyopatikana pengine. Lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, ambalo wataalamu wameliita Saintpaulia, asili yake ni milima hii ya kwetu. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani kutoka Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Uluguru nako ina aina zake, zinazoota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Ukipanda mlimani ukaliona ua la porini, litazame, mshukuru aliyeliumba, uliache. Kulichimba ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru ni kuvunja sheria, na kulileta kwenye joto la mjini ni kuliua. Msitu ule ndio unaoshika maji. Kutoka milima hii hupatikana maji ya mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam, na maji ya mji wetu pia. Mwenye kung'oa juu asilalamike bomba likikauka chini.

Kwa hiyo apewe nini bi harusi? Sisi tunasema miche 3 inatosha. Wa kwanza uwe asumini, kwa sababu unakubali kopo, unapenda jua, na unatoka kwa pingili: kata tawi lililokomaa kidogo, urefu wa shibiri moja, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini, usiuchezee. Wa pili uwe mrihani, kwa sababu unaota haraka na unampa moyo wakati asumini bado inajifikiria. Wa tatu uwe waridi, ili ajifunze subira. Mlangilangi tunaupenda, lakini ni mti mkubwa. Ukiachwa unapita mita 10. Ndiyo maana wakulima huukata kichwa na kuinamisha matawi ili maua yafikiwe kwa mkono. Huo uwasubiri waliojaaliwa kiwanja.

Mama, shangazi au somo aanze mapema. Kama harusi ni ya Mfunguo Mosi, pingili zichomekwe miezi 6 au zaidi kabla. Huku kwetu wakati mzuri ni mvua za vuli au masika, mbingu ikisaidia kumwagilia. Bi harusi mwenyewe aitwe, achomeke kwa mkono wake. Vidukari wakija, awanyunyizie jioni maji yenye sabuni kidogo au maji yaliyorowekwa majani ya mwarobaini. Visahani vya chini ya vyungu avimwage kila siku mbili tatu, vyenginevyo atakuwa anafuga mbu. Na jirani akiomba ua, ampe. Asiyeomba, mpandie pingili umpelekee, kwa sababu mwenye mche wake hachumi wa mwenzake.

Malipo ya kazi yote hii yatakuja bila kutangazwa. Itakuwa magharibi ya siku ya kawaida, umechoka, mumeo karudi kazini naye kachoka, na dirishani inaingia harufu ambayo hamkuinunua. Unachuma maua 7 au 8 yaliyoanza kufunguka, unatunga kwa uzi, unayaweka nyweleni ndani ya nyumba yako kwa aliye halali yako, mengine unayatupia kitandani kama walivyofanya bibi zetu. Hakuna mpiga picha, na wala hahitajiki.

Mwenye binti anayeolewa mwaka huu, anza wiki hii. Omba tawi kwa jirani, tafuta kopo, litoboe chini. Allah awabariki maharusi wetu, awape nyumba zenye utulivu na mapenzi, na ainusuru milima inayotupa maji. Amin.